Aliyesamehewa na Mungu bado anadaiwa na wenzake wa kikoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniumiza sana, na naamini wakristo wengi wanaliona ila wananyamaza wasije wakaambiwa wanapinga neema ya Mungu.

Kwenye kanisa moja hapa mjini kwetu alisimama mama mmoja kutoa ushuhuda, akapewa maiki, akasema alikuwa mtunza hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, akala hela za wenzake na ile dhambi ikamtesa sana, lakini sasa ameokoka, ya kale yamepita tazama yamekuwa mapya. Kanisa zima vigelegele, mpiga kinanda akapandisha pambio. Mi nilikuwa nimekaa viti vya nyuma na huko huko nyuma walikuwepo wamama wawili wa kikundi kilekile, nawafahamu, mmoja anauza dagaa sokoni. Hawakupiga makofi. Ile hela waliweka mwaka mzima, kila wiki hisa zinagongwa muhuri kwenye vitabu vyao, na ikizidi kwenye sanduku inahamishiwa kwenye simu ya mtunza hazina, wanasubiri Desemba wavunje kikundi wapate ada za Januari. Desemba ilipofika ile laini ikawa haipatikani. Na mpaka siku ya ushuhuda hakuna aliyerudishiwa hata shilingi, na huyu mama alishuka madhabahuni akawapita wale wawili bila kuwaangalia.

Sisemi kwamba hajasamehewa. Mi ni nani niseme hivyo, wakati Yohana ameandika wazi kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Nachosema ni kwamba tumeanza kuhubiri neema kana kwamba Mungu akishasamehe basi na yule uliyemuumiza anafutika, asidai, asilie, maana akidai anaambiwa ana roho ya kutosamehe. Yaani aliyeibiwa ndo anakuwa mwenye dhambi jamani!

Tumsome Zakayo, yule mtoza ushuru, vizuri. Yesu alimwita ashuke mtini na akasema leo imempasa kushinda nyumbani kwake KABLA Zakayo hajalipa chochote, kwa hiyo hakuinunua neema, ilimkuta juu ya mkuyu na hela za watu mfukoni. Lakini ilipomwingia tu akasimama mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Hiyo mara nne sio ya kubahatisha, kwenye Kutoka 22 aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza analipa kondoo wanne, na kwenye Hesabu 5 mtu akiungama kosa alilomfanyia mwenzake anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Na Bwana mwenyewe pale mlimani alisema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale uende kwanza ukapatane naye. Sisi siku hizi sadaka tunapokea kwanza, hayo mengine tunasema ni mambo yake binafsi.

Wazee wetu walilijua hili. Ule uamsho wa miaka ya 1930 uliotokea Gahini kule Rwanda ukasambaa Uganda, ukaingia Bukoba mpaka Kenya, walokole wa wakati ule walijulikana kwa mambo mawili, kuungama hadharani na kurudisha, mtu ameokoka asubuhi jioni anabisha hodi kwa jirani na jembe aliloiba, au anaenda kulipa deni ambalo hata mwenye nalo alishasahau. Walikuwa na makali yao yaliyowachosha wenzao, hilo nakubali, ila hakuna aliyeuliza wokovu wao unaonekana wapi.

Sasa kuna upande wa pili na huu unanigusa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapovunjika moyo kabisa. Mtu ametubu kweli, amelia, ameacha, lakini matokeo bado yapo: binti ana mtoto na yule kijana amemkana, au mtu anameza dawa za ARV kila siku, au yuko gerezani miaka bado mingi, ndo anaanza kujiuliza mbona kama Mungu hajanisamehe. Alafu anatokea mtu anamwambia hiyo ni laana, njoo na sadaka ya ukombozi, njoo ununue mafuta. Mwaka 1517 Martin Luther alipeleka hoja zake 95 kupinga biashara ya namna hii hii, msamaha kuuzwa kwa vyeti, na ajabu hata sisi tunaoimba nyimbo za Matengenezo yale ya Luther kila Oktoba tunaona watu wakilipishwa tunakaa kimya.

Mfalme Daudi alimtwaa mke wa Uria na Uria akauawa vitani kwa barua ya Daudi aliyoibeba mwenyewe. Nabii Nathani alipomkabili, Daudi akasema nimemfanyia BWANA dhambi, na jibu lilikuja hapo hapo bila masharti, BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa. Ila upanga haukuondoka nyumbani mwake, mtoto akafa, Amnoni akambaka dada yake Tamari, Absalomu akamuua Amnoni kisha akampindua baba yake. Msamaha na tangazo la matokeo hayo vimo kwenye sura moja, na hakuna kinachomfuta mwenzake. Na yule mnyang'anyi pale msalabani aliyeambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi, hakushushwa. Yohana anaandika askari walikuja wakawavunja miguu wale wawili waliosulibiwa pamoja na Yesu, wote wawili, yaani mtu ameshaahidiwa pepo na mguu wake unavunjwa jioni ile ile! Kama maumivu yangekuwa dalili ya kukataliwa na Mungu huyo angekuwa amekataliwa, na sivyo. Wewe unayelipa bado matokeo ya jana, usiache mtu akuambie damu ya Yesu haikukufikia.

Na wala sio kila shida ni mshahara wa dhambi ya mtu. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu Yesu alikataa kabisa wasihesabiwe kuwa wakosaji kuliko wengine, na yule kipofu tangu kuzaliwa alisema si yeye wala wazazi wake. Niliona niliseme hilo maana najua kuna msomaji ana mtoto mgonjwa ndani na ameshaulizwa na majirani amefanya nini.

Turudi kwa yule mama. Simchukii na sitaki afukuzwe. Inawezekana ile hela iliisha kweli, ilienda kwenye madeni mengine, hana pa kuitoa. Hapo ndo naikumbuka barua ya Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, akaokoka mikononi mwa Paulo gerezani, na Paulo anamrudisha kwa yule yule aliyemkosea. Hamwandikii Filemoni kwamba ya kale yamepita sahau. Anaandika kama amekudhulumu au unamwia kitu ukiandike hicho juu yangu, mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Hiyo ndo injili ninayoifahamu mimi, deni halikanushwi, anatokea mtu analibeba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji na wazee wa kanisa ni hili, kabla hamjampa mtu maiki muulizeni ameshaenda kwa aliowakosea, na kama anaogopa kwenda peke yake wazee wawili wamsindikize wakakae chini na kile kikundi, waandikishane atalipa kidogo kidogo kwa mwezi. Na kama kweli hana, basi tumchangie. Tunapitisha kapu kwa ajili ya spika, kwa ajili ya mnara, kwa ajili ya gari la mchungaji, tunaweza kulipitisha Jumapili moja kwa ajili ya wale wamama nao wakaitwa mbele wakahesabiwa hela yao mkononi, yule mama akiwa amesimama pale pale nao.

Msomaji wako,
Morogoro