Barua kutoka Lens

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku Lens, mji wa migodi ya zamani kaskazini mwa Ufaransa, tu wazima, tunamshukuru Mungu. Uliniuliza kama ni kweli kwamba Wamoroko wa Ufaransa wamekataa kuwa Wafaransa, kama ulivyosikia redioni. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukupa maneno ya kuokota.

Jirani yangu ni mzee wa Kimoroko, mzaliwa wa Souss, kusini mwa Moroko, aliyechimba makaa ya mawe huku. Juzi, alipokwisha kunimiminia chai ya nanaa kutoka juu mpaka povu likatanda kwenye gilasi, alifungua kifungo cha shati akanionyesha mahali alipopigwa muhuri kifuani siku ya kuandikishwa kazi. Félix Mora, aliyewatafutia wenye migodi wafanyakazi, alizunguka vijiji vya kusini mwa Moroko akikagua miili ya vijana: muhuri wa kijani umepita, mwekundu umekataliwa. Makumi ya maelfu waliletwa namna hiyo, kwa mikataba ya miezi 18, iliyoandikwa ili wasije wakazoea. Niambie, mtu aliyepokelewa kama mgeni wa msimu utamlaumuje kwa kutojenga maisha yake huku mapema?

Si migodini tu. Wenzao walioajiriwa na shirika la reli, SNCF, walifanya kazi ileile kwa miongo mingi bila haki za wenzao Wafaransa, wala pensheni kama yao, na zaidi ya 800 kati yao walishinda kesi katika mahakama ya rufani ya Paris mwezi Januari 2018, wakiwa tayari wazee wa mvi. Huku wanaitwa chibani, yaani wenye mvi, na jina hilo husemwa kwa heshima.

Uhamiaji wa kazi ulisimamishwa 1974, lakini wake na watoto waliendelea kuwafuata waume, na hapo ndipo msimu ulipogeuka maisha. Najat Vallaud-Belkacem, aliyezaliwa kijijini karibu na Nador, Moroko, baba yake akiwa fundi wa ujenzi, alikuwa Waziri wa Elimu wa Ufaransa mwaka 2014. Hata hivyo majaribio mengi yameonyesha kwamba wasifu uleule wa kuombea kazi, ukiwa na jina la Kiarabu, hujibiwa mara chache zaidi.

Mjukuu wa mzee ni muuguzi, amezaliwa hapahapa. Wagonjwa humuuliza anatoka wapi. Akijibu Lens, humuuliza tena, asili yake hasa. Usiku wa tarehe 14 Desemba 2022, Ufaransa ilipoifunga Moroko 2–0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, dirishani kwao zilining'inia bendera zote mbili, na hakuna aliyeishusha hata moja.

Vumbi la mgodi bado limo kifuani mwa mzee. Nikirudi kutoka kazini usiku namkuta binti huyo, angali na sare ya hospitali, akimrekebishia babu yake mpira wa oksijeni, wakizungumza Kiberber na Kifaransa katika sentensi moja. Ukija huku nitakupeleka kwao. Mzee ameshaniuliza kama wewe unakunywa chai yenye sukari nyingi.

Nduguyo akupendaye