Mama aliuliza mabinti wa huku wana nini

Seoul, 22 Juni 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mzima, mitihani imeisha, na mvua za huku zimeanza, zile za kunyesha kutwa bila radi. Sauti yenu ya WhatsApp nimeisikiliza nikairudia. Mama unauliza kama ni kweli Wakorea wamegoma kuzaa, na kama ni kweli, mabinti zao wana nini. Nyuma yako namsikia Baba anapaza sauti: muulize kuhusu yule rais waliyemtoa. Nilitaka kuwajibu kwa sauti nikaona ni maneno mengi, acha niandike. Na kila nikiyafikiria maswali yenu naona jibu lake ni moja.

La Mama kwanza. Ni kweli. Kwetu Tanzania mwanamke kwa wastani anazaa watoto karibu 5. Huku mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, mwaka jana ukapanda hadi 0.75 na magazeti yakashangilia. Yaani wanawake wanne, watoto watatu. Lakini mwaka 1970 walikuwa wanazaa zaidi ya 4.5, kama sisi tu. Serikali ndiyo iliyowasihi wapunguze, na watu wakatii kweli kweli. Shida ni kwamba walipopunguza idadi, kila nyumba ilitaka kati ya hao wachache asikosekane wa kiume, maana ndiye wa kusimamia tambiko la mababu. Vipimo vya kuangalia jinsia ya mimba vilipoenea hospitalini, mimba za wasichana zikawa zinatolewa. Mwaka 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100. Kwa kalenda yao ulikuwa mwaka wa farasi mweupe, na wazee waliamini binti wa mwaka wa farasi anakuwa kichwa ngumu, mume hatamuweza. Sasa Mama, wale walionusurika wakazaliwa mwaka ule ndio leo wana miaka 35. Ndio hao wanaoulizwa kwa nini hawazai.

Yule mama mwenye nyumba ninamopanga, ambaye namwita imo kama ninavyomwita mama mdogo kwetu, alinialika Chuseok ya Septemba iliyopita. Ni sikukuu yao ya mavuno. Nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, magazeti yametandazwa, kikaango cha umeme mbele yake. Anachukua kipande cha samaki, anakipitisha kwenye unga, anakichovya kwenye yai, anakaanga. Kisha maboga machanga, kisha uyoga. Alianza asubuhi, saa kumi jioni bado. Mume na watoto wa kiume wako sebuleni na runinga. Kesho yake meza ikapangwa kwa mababu, wanaume wakainama kusujudu, imo akabaki mlangoni anafuta mikono. Na hao mababu ni wa ukoo wa mume, si wa kwao!

Binti yake anafanya kazi benki, hajaolewa, wala hataki. Alinishtua aliposema mbele ya baba yake, bila kupandisha sauti, kwamba hana neno na watoto, ila hawezi kwenda kukaangia mababu wa watu asiowajua. Imo hakumkemea. Alicheka akanisimulia kwamba mwaka 2022 wazee wa Sungkyunkwan, ile taasisi kuu ya mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa Uchina, walitangaza kuwa vyakula vya kukaanga havikuwa lazima hata kidogo kwenye meza ya mababu, vyakula tisa tu vinatosha. “Wametuambia leo,” akasema, “mgongo wangu umeshakwisha.”

Si kukaanga peke yake. Nyumba za Seoul hazishikiki kwa bei, kazini watu wanatoka usiku, na mwanamke analipwa karibu theluthi moja pungufu ya mwanamume. Hadi mwisho wa mwaka 2007 kitabu cha ukoo serikalini kilimtambua mwanamume kuwa kichwa cha nyumba, hata mjane akiwa na mtoto mchanga wa kiume, mchanga yule ndiye kichwa. Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2005 kwamba utaratibu huo haufai.

Sasa la Baba.

Desemba 3 mwaka jana, usiku kuelekea saa nne na nusu, Rais Yoon Suk-yeol alitokea kwenye runinga akatangaza sheria ya kijeshi. Alidai upinzani bungeni umeipooza serikali, akataja na vibaraka wa Korea Kaskazini. Haikuwahi kutokea tangu miaka ile ya 1979 na 1980. Imo alinigongea mlango akiwa na koti juu ya nguo za kulalia. Ni mtu wa Gwangju, na Mei 1980 jeshi lilipoua raia katika mji wao alikuwa msichana wa shule. Hakuniambia habari za siasa. Alisema: jaza maji kwenye ndoo, chaji simu, usitoke.

Mimi sikutoka, lakini watu walimiminika. Helikopta zilishusha askari bungeni, wakavunja madirisha kuingia. Wabunge nao wakaparamia uzio, na Spika Woo Won-shik, mzee wa miaka 67, akiwemo. Mwanamke mmoja, Ahn Gwi-ryeong, msemaji wa chama cha upinzani, alishika mtutu wa bunduki ya askari akawa anamuuliza kama haoni aibu. Katiba yao, ibara ya 77, inasema wengi bungeni wakitaka sheria ya kijeshi iondolewe, rais hana budi kuiondoa. Saa saba usiku wabunge 190 walipiga kura, hakuna hata mmoja aliyepinga, na kabla hakujakucha tangazo likafutwa. Askari wengi, Baba, walionekana kama vijana wasiojua wameletwa kufanya nini.

Ndipo wakatokea hao mabinti wa Mama. Kila jioni mbele ya Bunge, kwenye baridi ya kugandisha maji, umati ulijaa wasichana wa miaka ishirini na kitu, wameshika vile vijiti vya taa wanavyonunua kwa ajili ya matamasha ya muziki, kila kundi la wanamuziki na rangi yake. Mwaka 2016, watu walipoandamana kwa mishumaa dhidi ya rais mwingine, mbunge mmoja wa chama tawala alikejeli kwamba mshumaa huzimwa na upepo. Haya, hivi vya betri havizimiki. Watu waliokuwa mbali walilipia kahawa kwenye migahawa ya jirani ili mwandamanaji yeyote apite ajichukulie. Desemba 14 Bunge likamsimamisha Yoon kwa kura 204 kati ya 300.

Mimi sikushiriki, msiwe na wasiwasi. Sheria ya uhamiaji ya huku inamkataza mgeni kujiingiza kwenye siasa, na viza yangu naijua ilivyonitesa kuipata. Nilitazama kwenye simu.

Usiku ambao sitausahau ni wa Desemba 21, na huo ningependa Baba auelewe vizuri, maana ni habari ya wakulima. Wakulima wa kusini walikuwa wanakuja Seoul kwa matrekta, mwendo wa siku kadhaa. Walitaka Yoon akamatwe, na walikuwa na hasira nyingine: siku mbili kabla, kaimu rais alikuwa amekataa kusaini muswada wa kuilazimisha serikali inunue mpunga wa ziada bei inapoporomoka. Msafara wao waliupa jina la Jeon Bong-jun, aliyeongoza wakulima wa Donghak kuasi mwaka 1894. Baba, wale nao walivaa hirizi wakiamini risasi hazitawapata. Niliposoma hilo niliwakumbuka wazee wetu wa Maji Maji na kaburi la Nduna Songea.

Polisi waliwazuia kwenye mlima wa Namtaeryeong, kwenye lango la kusini la jiji, mabasi yamepangwa kufunga barabara. Habari ikaenea kwenye simu. Nilidhani watakwenda wanaume wa vyama vya wafanyakazi. Walikwenda wasichana wa vijiti vya taa! Binti mmoja tunayesoma naye alipanda treni ya mwisho ya usiku, begi lake lina pakiti za kupasha mikono, soksi na pedi za kugawia wenzake. Ulikuwa usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, na watu waliagiza uji wa maharage mekundu, chakula cha siku hiyo, upelekwe barabarani. Hadi asubuhi walipokezana kipaza sauti. Mmoja anasema mimi ni mtoto wa mkulima, mwingine anasema sijawahi kuona trekta maishani. Jioni ya pili polisi waliondoa mabasi, baadhi ya matrekta yakaingia mjini. Wazee wale wa mashambani, ambao wengi nyumbani kwao hawajawahi kukaanga kitu, walikuwa wanalia hadharani.

Aprili 4 majaji wote 8 wa Mahakama ya Katiba walimwondoa Yoon. Juni 3 akachaguliwa kuwa rais Lee Jae-myung, wa chama kilichokuwa upinzani.

Ila msidhani vijana wote wako upande mmoja. Kura za maoni za siku ile zilionyesha wanawake wa miaka ya ishirini, karibu sita kati ya kumi walimpa Lee. Wanaume wa umri huohuo hawakufika robo. Wanaume hao wanatumikia jeshi mwaka mmoja na nusu, wanarudi hawana kazi wala nyumba, kisha wanaambiwa wao ndio waliopendelewa. Yoon mwenyewe alishinda mwaka 2022, kwa tofauti isiyofika asilimia moja, baada ya kuwaahidi kufuta wizara inayoshughulikia usawa wa wanawake. Ninaye mwenzangu maabara wa namna hiyo, mpole, mkarimu, na kwenye jambo hili hasemezeki. Hawa wawili, yeye na yule binti wa Namtaeryeong, wanakaa meza moja. Hawajaongea tangu Januari. Serikali inatoa pesa kwa wanaozaa. Mimi nawatazama wale wawili, naona pesa si tatizo la kwanza.

Kwa hiyo Mama, mabinti wa huku hawana ugonjwa wowote. Wakiitwa kwa jambo wanaloliamini wanakuja usiku, kwenye barafu, bila kulipwa. Ndoa wameiangalia masharti yake wakasema hapana, na kwa niliyoyaona jikoni kwa imo siwalaumu.

Baba, nijulishe NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, wametangaza bei gani ya mahindi msimu huu, na kama gunia mnalipeleka kituoni wenyewe au kwa gari la kijijini. Ada ya mdogo wangu nitaituma wiki ijayo. Na lile swali jingine, Mama, ulilolichomeka mwishoni ukijifanya unakohoa, la mimi nitaolewa lini, tutaliongea nikija Desemba, Bibi akiwa hayupo.

Msalimieni Baba Mkubwa na wote wa Namtumbo.

Mwanenu