Yule Mgiriki wako aliyekosea

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, ila ulimi bado mkali.

Barua yako nimeipata. Unasema mlifundishwa kwamba Aristarchus wa Samos alikosea umbali wa jua, nawe ukanyoosha kidole: kama alikosea, tunamsoma wa nini? Darasa likacheka. Swali hilo si la kuchekwa, mwanangu. Nimelala nalo siku tatu. Nimekishusha kile kitabu ulichokiacha juu ya kabati, nikakisoma polepole kama ninavyosoma ramani ya nyumba, na paliponishinda nikamfuata yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Mimi ni fundi mwashi, kwa hiyo nitakujibu kwa kamba na timazi.

Huyu bwana aliishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hana darubini wala chochote. Alijua kuwa mwezi hauna mwanga wake, huazima kwa jua. Basi siku ukionekana nusu kamili, mstari wa kutoka mwezini kwenda juani na ule wa kutoka mwezini kuja kwetu lazima vikutane kwa pembe mraba. Umeona? Kona moja ya pembetatu ameshaipata na hajatoka uani kwake. Imebaki kona ya hapa aliposimama yeye, kati ya mwezi na jua. Akiipima hiyo, pembetatu imefungika, na atajua jua limeuzidi mwezi umbali mara ngapi. Mimi ninayepiga skwea kwa pembetatu ya pande 3, 4, 5 kila ninapochora msingi, nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kutazama juu.

Kona yenyewe aliihesabu nyuzi 87. Kweli yake ni karibu nyuzi 89 na dakika 51, na dakika 60 ndizo uzi mmoja. Kosa halijafika nyuzi tatu! Lakini jibu lake likawa kwamba jua liko mbali mara 18 hadi 20 kuliko mwezi, na kweli ni karibu mara 400. Ukikosea kona nyuzi tatu kwenye banda la kuku, kuku hawatashitaki. Vuta kamba hiyohiyo mita 40, ukuta umeingia kwa jirani mita mbili na mjumbe anaitwa. Yeye kamba yake ilivutwa hadi juani. Halafu jaribu mwenyewe kuutazama mwezi useme ni saa ngapi hasa umekuwa nusu. Jicho halina pima maji.

Kwa hiyo mchoro wa Aristarchus ulikuwa sawa, kilichopinda ni kipimo. Aliyekuja na chombo bora hakubomoa msingi wake. Na hata kwa kona ile mbovu aliona kwamba jua ni kubwa kuliko dunia, akadai dunia ndiyo inayolizunguka. Dai hilo tumelipata kwa maandishi ya Archimedes, Mgiriki mwenzake. Sasa, kama dunia inasafiri, nyota zingeonekana zikihama kidogo huku na huku kila mwaka, na hakuna aliyeziona zikihama. Yeye alizihesabu kuwa mbali kupita kiasi. Mhamo huo ulikuja kupimwa na Mjerumani Friedrich Bessel mwaka 1838. Hebu fikiria muda huo wote.

Ptolemy wa Iskandaria ya Misri, aliyemfuata baada ya karne kadhaa, aliiacha dunia palepale katikati, na watu wakamfuata kwa zaidi ya miaka 1,000. Nisimseme sana, maana ndiye anayeitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu hii, katika kitabu chake cha jiografia. Anayenipendeza mimi ni Hipparchus, Mgiriki mwingine mpima nyota. Alichukua vipimo vya nyota alivyoviandika Timocharis miaka kama 150 kabla yake, akavilinganisha na vyake, akakuta nyota zimesogea kama nyuzi mbili; huo ni msogeo mwingine wa polepole, si mhamo ule wa Bessel. Timocharis alishakufa bila kujua daftari lake litamfaa nani.

Sasa nina kazi nawe: tuipime dunia kama alivyoipima Mgiriki mwingine, Eratosthenes. Yeye aliambiwa kwamba Aswan, kusini mwa Misri, katikati ya kiangazi saa sita mchana, jua linamulika hadi chini ya kisima. Siku hiyohiyo Iskandaria kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa stadia 5,000, kipimo cha Wagiriki; akazidisha mara 50, akapata mzingo wa dunia, stadia 250,000.

Hapa Tanga jua hutufika utosini siku za mwanzo za Oktoba. Mwaka jana nilikuwa juu ya jukwaa nikaona kamba ya timazi haina kivuli, nikadhani macho. Nyinyi huko Iringa mko kusini zaidi, litawafika kama wiki moja baadaye. Kwa hiyo siku ambayo mimi sina kivuli, wewe utakuwa nacho kidogo. Simamisha fimbo ya mita moja, wima kabisa, uihakikishe kwa uzi na jiwe. Pima kuanzia tarehe 4 hadi 8, mawingu yasije yakatuharibia. Usifuate saa ya ukutani, maana adhuhuri yenu huchelewa yetu kama robo saa. Subiri kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, ndipo uweke rula. Andika kila siku kwa milimita, hata ukiona ni upuuzi. Nami nitaandika vyangu.

Umbali wa kuzidishia ni wa kaskazini kwenda kusini tu, kama kilomita 300 kwenye ramani, si njia ya basi inayozungukia Chalinze na Morogoro.

Usipige hesabu mpaka barua yangu ikufikie. Nami sitapiga mpaka nipate yako.

Baba yako