Risala ya Wenye Nyumba na Mafundi kwa Mgeni Rasmi, Uwanja wa Mkunguni, Lamu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa mlioandamana naye, maimamu wetu, mzee wa mtaa, mama zetu, mafundi, na nyinyi vijana mliosimama juani kwa sababu viti vya kukodi havikutosha: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Twakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko. Twaijua safari yenyewe: gari mpaka Mokowe, boti mpaka gatini, kisha miguu. Kadi ilisema saa tatu asubuhi na sasa ni saa sita kasorobo. Hatulalamiki hata kidogo, maana umefika wakati ambao jambo tulilokuitia linajieleza lenyewe. Huu ni msimu wa tanga mbili. Kaskazi imekata, kusi haijaingia, na jani la mti ulio juu ya kichwa chako halitikisiki. Maji ya chupa yaliyo mbele yako yalikuwa baridi ile saa tatu.

Historia ya kikundi chetu ni ndefu, tutaifupisha. Kilianza barzani mwaka 2017, watu kumi na mmoja wakilalamikia bei ya tokeni za umeme. Leo tuko nyumba 43. Katikati tulifanya uchaguzi mara mbili, na mweka hazina mmoja akahamia Mombasa pamoja na daftari. Daftari lilirudi. Tuendelee.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeondoa balbu za zamani za wati 60 katika nyumba zote za wanachama na kuweka za LED za wati 9, kwa hivyo umeme uliokuwa ukiwasha chumba kimoja sasa unawasha sita. Tumefanya ukaguzi wa friji za mtaa mzima kwa kifaa cha kisasa, yaani noti ya shilingi hamsini: unaibana mlangoni, ukiivuta ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa na baridi inavuja usiku kucha huku mita ikihesabu. Tulikuta mipira iliyokufa mingi kuliko tulivyotarajia, ukiwemo wa mwenyekiti. Tumekwenda ziara ya kimasomo Malindi, siku moja. Na tumefanya utafiti wa joto la nyumba. Tuliweka mishumaa miwili ya pakiti moja, mmoja kwenye kidaka cha nyumba ya mawe ya zamani, mwingine kwenye rafu ya chumba cha juu chenye mabati, tukarudi baada ya swala ya alasiri. Wa kidakani ulikuwa umesimama kama tulivyouacha. Wa chini ya mabati ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta shilingi aliyoiangusha. Mshumaa huo tumekuja nao, uko mezani mbele yako.

Baada ya mafanikio hayo, tuna haja moja. Zamani risala zetu zilikuwa na haja kumi na mbili, na tuligundua kuwa wageni huchagua ile iliyo nyepesi kuliko zote, wakaiahidi, wakapigiwa makofi. Safari hii kamati imefuta kumi na moja.

Haja yenyewe ni msaada wa kupunguza joto la nyumba zetu, ili tupunguze umeme tunaoununua kupambana nalo.

Mgeni Rasmi, mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na waliouingiza walitazama nyumba. Wazee waliozijenga hawakuwa na feni wala kiyoyozi. Walijenga kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene dhiraa moja na zaidi. Jua likiupiga ukuta kama huo asubuhi, joto husafiri polepole mno, likikaribia kuingia ndani jua lishatua. Waliacha kiwanda, yaani ua wa ndani, wazi katikati ili hewa moto ipande itoke. Walibana vichochoro ili nyumba moja iitilie jirani kivuli. Sisi tumezaliwa humo tukadhani baridi ile ni ya bure. Kumbe fundi aliilipia kwa mawe.

Kisha jamaa zikakua. Mtoto kaoa, hana pa kulala, ukaongezwa ukumbi juu: kuta nyembamba za bloku, paa la mabati. Hatumlaumu mtu. Makuti yanashika moto na kila baada ya miaka michache yataka kuezekwa upya, mabati unayapiga siku mbili ukahamia. Lakini mabati bila dari ni kikaango kilichogeuzwa. Yanameza jua tangu asubuhi na kulimwaga kwa aliye chini yake. Huku tini nako, yaani ghorofa ya chini, ukuta wa matumbawe ulipoanza kumomonyoka, tukaambiwa tupige saruji, ni imara. Chokaa hupumua. Unyevu ukiingia hutoka. Saruji huuziba unyevu ndani pamoja na chumvi ya bahari, ukuta unatoa jasho, rangi inavimba na kudondoka, chumba kinakuwa na mvuke. Mwenye uwezo hununua kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula umeme wa feni zaidi ya kumi. Asiye na uwezo hulala barzani.

Twaomba utuvumilie tukupeleke kwa mama mmoja, mwanachama wetu, nyuma ya mtaa wa Langoni. Anauza barafu. Friji yake iko ghorofani kwa sababu tini hapana nafasi. Tulikwenda saa nane mchana. Mgongo wa friji haushikiki, mashine haizimi hata dakika moja, na juu yake ametandika gunia alilolirowesha maji. Tokeni hununua za shilingi mia, mia, kwa siku mara mbili, maana fedha ya barafu ya asubuhi ndiyo tokeni ya mchana. Tukamwuliza wanawe hulala wapi. Akasema, "Mwanangu, nyumba hini ni jiko, na jiko halilaliwi." Mama huyo yuko hapa. Hakutaka tumtaje jina, na hatumtaji.

Dawa yake fundi wetu mkongwe anaijua, na si uchawi. Dari la mbao nyepesi chini ya mabati, pakiachwa nafasi ya hewa katikati na matundu pande mbili yenye wavu wa mbu. Mabati yenyewe yapakwe nyeupe yarudishe jua. Ukuta wa kale ubanduliwe saruji upakwe chokaa. Friji itiwe mpira mpya na isogezwe mbali na ukuta kiasi cha shubiri. Kwa mahesabu yetu nyumba moja ni shilingi 90,000, na katika hizo, sehemu isiyo ndogo ni ya kubeba tu. Mfuko wa chokaa na ubao wa dari hupakiwa lori, ukashushwa Mokowe, ukapakiwa boti, ukashushwa gatini, ukapakiwa punda. Punda hatoi risiti, na wahasibu waliotutembelea huko nyuma walilichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa.

Twasikia wengine wakisema, serikali gani hulipia nyumba za watu? Marekani tangu mwaka 1976 ina mpango wa kuzisaidia familia za kipato kidogo kuziba na kufunika nyumba zao ili zitumie nishati kidogo. Ujerumani benki ya serikali, KfW, hukopesha wanaokarabati nyumba zitumie nishati kidogo, na sehemu ya deni husamehewa kazi ikifanyika vizuri. Wenzetu hao husaidiwa joto lisitoke. Sisi twaomba tusaidiwe lisiingie. Na hapa kwetu, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati, na mkakati wa taifa wa matumizi bora ya nishati wa mwaka 2020 umeyataja majengo na nyumba za kuishi waziwazi. Karatasi zipo. Hatukosi karatasi.

Tena tuseme hili kwa unyenyekevu. Watu wa Lamu walipopinga mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, na mwezi Juni 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira likaifuta leseni yake, tuliulizwa kwa kejeli: sasa mwataka nini? Jibu letu ni hili faili la kijani.

Ndani ya faili kuna pendekezo la mfuko wa mzunguko. Twaomba shilingi 1,800,000 kwa nyumba 20 za mwanzo. Kila nyumba itarudisha shilingi 2,500 kwa mwezi kwa miezi 36. Nyumba 20 zikilipa, ni shilingi 50,000 kila mwezi, kwa hivyo kila baada ya miezi miwili nyumba mpya itaingia kazini bila kurudi kwako kuomba. Hatuombi zawadi. Lakini mkopo huo usiwe na riba. Tulishaletewa mikopo ya benki yenye masharti mepesi, ikapambwa, na wengi wetu hawakuigusa kwa sababu ya dini, kisha ikaandikwa mahali kwamba wakazi hawana mwamko. Mwamko tunao. Riba ndiyo hatuitaki.

Jambo la pili lililo ndani ya haja hiyo hiyo: fomu zisitake hati ya nyumba yenye jina la mtu mmoja. Nyumba nyingi hapa ni za warithi au ni wakfu. Ukitaka sahihi ya wenyewe wote, mmoja yuko Mombasa, wawili wako Uarabuni, na mmoja hamsemezi dadake tangu matanga ya baba yao. Anayeishi humo atie sahihi, mzee wa mtaa ashuhudie, kikundi kidhamini. Na anayebandua saruji kurudisha chokaa apunguziwe ada ya kibali, kwani anautunza mji ambao watalii huja kuupiga picha.

Mgeni Rasmi, sasa tufike pale ambapo kamati ilibishana usiku kucha kama tuseme au tunyamaze. Wewe si wa kwanza kusimama hapa. Mgeni wetu rasmi wa kwanza, Mungu amzidishie afya, aliahidi ruzuku itafika kabla ya kusi. Hakutaja kusi ya mwaka gani. Wa pili alikuja na zawadi kabisa, katoni mbili za balbu, na mpiga picha. Tulishukuru, tukapiga makofi, tukafungua katoni baada ya boti yake kuondoka. Balbu zilikuwa za skrubu, na holda za mtaa mzima ni za pini. Zimo kabatini mpaka leo, zote nzima, anayezihitaji aseme. Wa tatu alituletea fomu. Nyumba 43 zilijaza: nakala ya kitambulisho, picha mbili za pasipoti, za rangi, nyeusi na nyeupe zilikataliwa. Kuna mzee wetu aliyepigwa picha kwa mara ya kwanza tangu harusi yake. Katibu aliifuata afisi iliyohusika mara tano. Mara nne mwenye faili alikuwa semina. Mara ya tano alikuwepo, akatuarifu kwa upole kwamba fomu zimebadilishwa.

Hatuyasemi haya kukuvunjia heshima, hasha. Twayasema ili usije ukashangaa makofi yetu leo yakiwa machache. Mama zetu wameamua kuyaweka akiba.

Kwa hivyo twaomba ahadi ndogo lakini yenye tarehe. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Hizi si tarehe zetu, ni za sheria. Twaomba haja hii iwe na mstari wake ndani ya makadirio hayo, na ukiona haiwezekani, twaomba utuambie leo hii haiwezekani. Jibu hilo pia tutalipokea kwa mikono miwili, tutajua pa kwenda. Katibu amesimama kando yako na nakala mbili za faili na daftari la kupokelea. Tafadhali utie sahihi pale alipoweka alama ya penseli, na tarehe.

Mwisho, chakula ni tayari. Ni pilau ya samaki na maji ya ndimu. Ada yetu ni kumwandalia mgeni ukumbini tini, kwenye ukuta wa kale, palipo na ubaridi. Leo kamati imeona vyema uandaliwe juu, chumba cha mabati, kwa yule mama wa barafu. Amekubali kwa furaha na amefagia tangu alfajiri. Feni ipo na inafanya kazi, lakini mita ilikuwa imebakisha yuniti mbili tulipoitazama tukija, kwa hivyo twaomba tusikawie ngazini.

Tunaomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.