Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Mtaa Wetu: Mtoto Hasomi Somo Moja Moja

Wanangu wazazi na walezi wa watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6,

Nawasalimu nyote kwa upendo. Wengi wenu mnanifahamu, na baadhi yenu niliwafundisha kusoma na kuandika katika shule za msingi za upande huu wa mashariki wa Nairobi, ambako nilishika chaki tangu mwaka wa 1984 hadi nilipostaafu mwaka wa 2018. Siku hizi mimi ni nyanya anayempeleka mjukuu wake shuleni asubuhi na kumngoja langoni alasiri, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeketi nyuma kabisa katika mkutano wa wazazi wa muhula huu, mzazi mmoja aliposimama na kuuliza, kwa adabu njema, kwa nini watoto wetu wapoteze saa nzima wakichora, wakiimba na kunyunyizia sukuma wiki maji ilhali Hisabati na Kiingereza ndizo zitakazowapa riziki. Wengi mlimpigia makofi. Mwalimu alimjibu kwa ufupi kwa kuwa muda ulikuwa umeyoyoma, nami nikaona si vizuri kumkata kauli mbele ya watu. Lakini sijalala vizuri tangu siku ile, na nimeona niwaandikie.

Ninalotaka kuwaambia ni hili. Masomo manane yaliyo katika ratiba ya mtoto wa Gredi ya 5, yaani Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, Elimu ya Dini na Sanaa Bunifu, yamegawanywa hivyo ili walimu waweze kupanga vipindi. Kengele hulia, kitabu kimoja hufungwa na kingine hufunguliwa, lakini kichwa cha mtoto ni kilekile, na alichokisikia saa mbili asubuhi bado kimo ndani yake saa tano. Mkimpunguzia mtoto somo moja mkidhani mnamwongezea nafasi ya jingine, mara nyingi mnayadhoofisha yote mawili.

Tuchukue maji, kwa kuwa hakuna nyumba katika mtaa huu isiyojua uchungu wa mfereji mkavu. Dumu la lita 20 mnalolipandisha hadi ghorofa ya nne lina uzito wa karibu kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hapo Sayansi na Hisabati zimekwisha kukutana ngazini. Sasa mwambieni mtoto aweke kikombe cha mililita 250 chini ya bomba linalovuja, atazame saa, na aandike dakika ambazo kikombe kimechukua kujaa. Kikijaa kwa dakika 10, atakuwa na vikombe sita kwa saa, yaani lita moja na nusu; kwa siku moja ni lita 36, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 1,080, ambazo ni madumu 54. Wakati wa uhaba, dumu likiuzwa shilingi 20, mtoto huyo ameshawaonyesha kwamba bomba moja bovu linamwaga maji ya shilingi 1,080 kila mwezi. Mwacheni aandike barua fupi kwa msimamizi wa ploti akieleza hesabu hiyo, na hiyo itakuwa insha ya Kiswahili yenye msomaji wa kweli na sababu ya kweli, jambo ambalo sisi walimu tulikuwa tukilitafuta kwa miaka mingi bila kulipata katika insha za kubuni.

Lakini maji hayo yanatoka wapi? Hilo nalo ni swali la Masomo ya Jamii. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka katika bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994 na ambalo likijaa huwa na takriban mita za ujazo milioni 70. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madumu 50 kama yale ya nyumbani, na mtoto wa Gredi ya 6 anaweza kuendelea na hesabu hiyo mwenyewe mpaka ashangae. Akishajua kwamba maji anayooga yalianza safari yake katika milima ya Aberdare, ataelewa kwa nini mvua inayonyesha mbali na Nairobi, na miti inayokatwa mbali na Nairobi, inamhusu. Ataelewa pia jina la jiji lake, kwa kuwa Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yenye maana ya maji baridi. Kisha mpelekeni akasimame darajani, autazame mto unaobeba jina hilo, na mmwambie unakoelekea: huingia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, na hatimaye humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mfuko wa plastiki unaotupwa mtaroni kwetu unaweza kufika pwani. Mwalimu wa Elimu ya Dini anapofundisha juu ya jirani, sijui kama kuna mfano wa jirani ulio bora kuliko mtoto wa Malindi aliye mwisho wa mto unaopita nyuma ya nyumba zetu.

Shuleni watoto hutengeneza chujio kwa chupa iliyokatwa, kitambaa, mchanga, changarawe na makaa. Maji machafu huingia juu, na chini hutoka maji yanayong'aa. Mtoto hufurahi, na hapo ndipo mwalimu mzuri humuuliza kama yanafaa kunywewa. Hayafai, kwa maana vijidudu ni vidogo mno kuweza kuzuiwa na mchanga ule, na ni lazima maji yachemshwe au yatiwe dawa. Mimi naliona swali hilo kuwa na thamani kuliko kurasa kumi za kukariri, kwani mtoto anajifunza kwamba kitu kinaweza kuonekana safi na kisiwe salama, naye atalikumbuka neno hilo siku atakapouziwa chakula kando ya barabara.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye lugha, kwa kuwa hapa ndipo nilipoona watoto wengi wakiumia pasipo sababu. Katika miaka ya tisini nilikuwa na mvulana darasani ambaye kila jioni alimsaidia mama yake kuuza nyanya kwenye kibanda. Alikuwa akirudisha chenji kichwani kabla mnunuzi hajamaliza kuhesabu. Darasani, hata hivyo, alikuwa akipata alama chache mno katika Hisabati, na mimi, kwa kosa langu ambalo mpaka leo linaniuma, niliandika katika ripoti yake kwamba ni mzembe. Siku moja nilimsomea maswali yaleyale kwa Kiswahili, taratibu, na akayajibu karibu yote. Kilichomshinda hakikuwa hesabu. Hakuyaelewa maneno ya Kiingereza yaliyoizunguka hesabu: kilichobaki, kila mmoja, mara ngapi zaidi. Mtoto yule alihitaji mwalimu wa lugha ndani ya somo la Hisabati, na kwa muda mrefu mimi sikuwa mwalimu huyo. Kwa hiyo mtoto wenu akirudi na alama mbovu katika hesabu, kabla ya kumtafutia masomo ya ziada ya kulipia, msomeeni swali hilo kwa sauti na mmwombe awaeleze kwa maneno yake mwenyewe linauliza nini.

Mfano mwingine ni saa. Katika Kiswahili mtoto huamka saa kumi na mbili asubuhi, na katika Kiingereza wakati uleule huitwa saa sita. Tofauti hiyo ya saa sita humchanganya mtoto asiyeelezwa chanzo chake, na humwelimisha aliyeelezwa kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana baada ya jua kuchomoza. Karibu na ikweta, ambapo jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, hesabu hiyo ina maana kamili. Tazameni: Kiswahili, Hisabati, jiografia na mwendo wa dunia, vyote katika uso wa saa ya ukutani.

Hata methali zetu ni hesabu. Watoto hukaririshwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, nao wengi hawajawahi kuelezwa kibaba ni nini. Ni kipimo cha kale cha nafaka. Vibaba viwili hufanya kisaga, na vibaba vinne hufanya pishi. Mpeni mtoto kopo, mchele na mizani ya jikoni kwa jirani mwenye nayo, apime, agawanye, aandike sehemu: nusu ya pishi, robo ya pishi. Sehemu, ambazo huwatesa watoto wengi kuanzia Gredi ya 4, zilikuwa katika vinywa vya wazee wetu tangu zamani.

Sasa nirudi kwa mzazi aliyeuliza kuhusu kuchora na kulima, maana swali lake si la kipuuzi, na kizazi chetu kina ushahidi wa kumjibu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza mwaka wa 1985 ulikusudia hasa mambo ya mikono: kilimo, sanaa na ufundi, sayansi kimu, muziki. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo na nakumbuka tukichanga pesa za kujengea karakana. Masomo hayo yalitahiniwa, na yalikuwa mengi mno, hilo sikatai. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulipopunguzwa ukabaki na masomo matano, yale yaliyoondolewa mtihanini yalikufa darasani pia, ingawa ratiba iliendelea kuyaonyesha. Majembe yalifungiwa stoo. Kipindi cha muziki kikawa kipindi cha marudio ya Hisabati. Je, watoto wakawa bora zaidi katika Hisabati kwa kupewa saa hizo? Mimi niliyekuwa nao darasani sikuliona hilo. Niliona watoto waliochoka, waliokuwa hodari wa kuchagua herufi sahihi kati ya nne, na ambao ukiwauliza kwa nini walichagua hiyo, walinyamaza.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Watoto wenu wako katika mtaala wa umilisi, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019, na tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, haimzuii mtoto kwenda Gredi ya 7. Katika tathmini hiyo ya kwanza karatasi moja iliunganisha sayansi, kilimo na sayansi kimu, na nyingine ikaunganisha sanaa na masomo ya jamii. Basi hata wanaotahini wameanza kuuliza maswali yanayovuka mipaka, ilhali sisi nyumbani bado tunauliza, "Umekuwa nambari ngapi?" Ripoti ikisema mtoto anakaribia matarajio, yaani bado hajafikia kiwango kinachotakiwa, msimpige wala msimlinganishe na mtoto wa jirani. Mwulizeni mwalimu ni jambo lipi hasa analolikaribia, na katika somo gani jingine jambo hilohilo linamkwaza, kwa kuwa mtoto anayeshindwa kusoma grafu katika Hisabati atashindwa pia na grafu ya mvua katika Masomo ya Jamii, nanyi mtadhani ana matatizo mawili.

Kuna jambo moja ambalo lazima niwakemee, kwa haki ya umri. Kazi za mradi mnazifanya wenyewe. Nimewaona usiku mkikimbilia saiba, vile vibanda vya kompyuta, kuchapisha picha za rangi, nimemwona baba akishona mdoli wa matambara huku mtoto amelala, na nimesikia malalamiko kuhusu gharama, ambayo ni ya haki kabisa, kwani hali ni ngumu na baadhi ya walimu huagiza vifaa bila kufikiri. Mwambieni mwalimu kwa heshima kwamba hamna pesa za karatasi za rangi. Mtaala wenyewe unahimiza vitu vinavyopatikana katika mazingira. Vifuniko vya soda, maboksi, mabaki ya vitambaa vya fundi wa soko la Gikomba vinatosha. Lakini mdoli uliopinda aliouunda mtoto mwenyewe, akipima mikono yake ilingane na kugundua kwamba pamba haitoshi, umemfunza kulinganisha, kukadiria na kuanza upya. Ule wenu ulionyooka umemfunza kwamba kazi yake haikubaliki.

Na Sheng, ile lugha ya vijana wa mjini inayochanganya Kiswahili na Kiingereza, je? Nimeulizwa mara nyingi. Msiwapige watoto kwa ajili ya Sheng, kwani ni lugha ya marafiki zao na wana ustadi ndani yake. Waombeni tu waseme jambo lilelile kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa lugha ya mama ikiwa bado mnaijua. Anayeweza kueleza kwa njia tatu jinsi mahindi yanavyoota ameelewa jinsi mahindi yanavyoota.

Jumamosi hii, kuanzia saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye ua wa nyumba yangu, penye yale magunia ya sukuma wiki. Nileteeni watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6, kila mmoja na daftari, penseli na rula, na mwenye futi kamba ya fundi aje nayo. Watapima mimea, watahesabu majani yaliyoliwa na wadudu, watachora jani moja kwa uangalifu, na kila mmoja atamweleza mwenzake kwa Kiswahili alichokiona. Sitatoza pesa. Yule mzazi aliyeuliza swali mkutanini naye namkaribisha kwa moyo wote, na nitamwekea kiti kivulini karibu na mtoto wake.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na nyanya wa mwanafunzi wa Gredi ya 5, Nairobi