Barua ya Kufunga Mwaka: Daftari la Njia Tatu

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ya Kata,
Muheza, Tanga.
Desemba

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA SHULE, NA SAFARI YA WATOTO WETU BAADA YA KIDATO CHA NNE

Ndugu mzazi/mlezi,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka tumeufunga salama, alhamdulillahi. Ripoti ya mwanao imebanwa pamoja na barua hii. Tarehe ya kufungua Januari nitaibandika kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mahindi na maharage ya chakula cha mchana yaletwe wiki ya kwanza, kama tulivyokubaliana kwenye kikao. Vyoo vya wasichana vimekwisha, na ahsanteni sana kwa nguvu kazi yenu. Hayo ni ya kawaida. Lililonifanya nikae na kalamu usiku huu ni jingine.

Mwezi wa nane walinijia ofisini vijana saba, wote watoto wa kata hii, wengine nimewafundisha mwenyewe. Mmoja anasoma uuguzi Muhimbili, wawili wako Dodoma, mmoja yuko SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, wawili Chuo cha Ualimu Korogwe, na wa mwisho anasomea umeme chuo cha ufundi cha VETA Tanga. Walikuwa likizo. Waliomba darasa moja na chaki kila Jumamosi, wakae na wadogo zao wa kidato cha nne waongee juu ya maisha baada ya mtihani. Hawakuomba nauli wala posho. Niliwapa masharti mawili: mwalimu wa malezi awepo muda wote, na mazungumzo yafanyike shuleni, mlango ukiwa wazi. Wakakubali, tukaenda nao Jumamosi nane.

Nilidhani watakuja kuwahimiza watoto wasome kwa bidii, jambo ambalo sisi walimu tunalisema kila asubuhi paredi. Wao walikuja na kaunta buku. Kila mtoto aliambiwa aandike njia tatu. Ya kwanza ni ile anayoitamani. Ya pili ni ya kushika matokeo yakija pungufu. Ya tatu ni ile anayoweza kuianza hata kama nyumbani hakuna shilingi. Chini ya kila njia aandike masomo yanayotakiwa, alama, mahali pa kuombea, karatasi zinazohitajika, na pesa itakayotoka mfukoni mwa mzazi. Njia ya kwanza wengi waliijaza kwa dakika moja: daktari, mwanasheria, rubani. Walipofika ya pili, kalamu zikasimama.

Binti mmoja aliandika "daktari" kwa herufi kubwa. Yule dada wa Muhimbili akaketi naye dawati moja, akamwuliza masomo yake. Fizikia na Kemia aliziacha alipoingia kidato cha tatu, kwa sababu rafiki zake waliziacha. Siku ile hakuna aliyemwambia kwamba hata stashahada ya uuguzi inadai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, sembuse udaktari. Dada hakumcheka, wala hakumwambia haiwezekani. Alimweleza taratibu kwamba njia bado ipo ila imerefuka: kuyafanya masomo yale mawili kama mtahiniwa wa kujitegemea, kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya maabara, mwaka mmoja, pengine miwili. Kisha wakaijaza ya pili pamoja: kidato cha tano kwa Historia, Jiografia na Kiswahili, halafu ustawi wa jamii. Binti alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya ushungi, akaendelea kuandika.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Kosa lile ni letu sisi wakubwa, tuliomwachia mtoto wa kidato cha pili aamue jambo zito namna ile peke yake na wenzake. Kwa hiyo kuanzia Januari, mwanafunzi wa kidato cha tatu hataacha Fizikia wala Kemia mpaka mzazi wake afike ofisini tuzungumze watatu. Ukiitwa, naomba uje. Kama uko shambani, nitakusubiri hata jioni.

Jumamosi ya tano kijana wa VETA alikuja na ubao wa mbao alioufunga kwenye baiskeli. Alikuwa ameupigilia swichi mbili, soketi na kishikio cha balbu, waya zikining'inia bila kuunganishwa. Akamwita mvulana mmoja ambaye darasani huwa hanyanyui mkono kabisa. Mtoto akamenya waya kwa makini, akasokota nyuzi za shaba kwa kidole gumba na cha shahada, akauliza maswali mawili tu. Kijana alipokagua na kuchomeka, balbu ikawaka. Darasa zima lilikaa kimya, halafu likapiga makofi. Siku ile mvulana alifuta njia yake ya kwanza, iliyosema "kidato cha tano", akaandika umeme wa majumbani. Nilipomwuliza kwa nini hakuandika hivyo tangu mwanzo, alisema baba atasema amefeli.

Wazee wangu, na mama zangu, hapa naomba mnisikilize. Kwenda ufundi si kufeli. VETA iliundwa kwa sheria mwaka 1994 ili nchi ipate mafundi, na kila nyumba iliyovutiwa umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, katani kwetu ilimhitaji mmoja. Hapa Muheza tuna Chuo cha Kilimo Mlingano, na ukifika Tanga mjini kuna chuo cha mifugo Buhuri. Watoto wetu wamezaliwa kati ya michungwa na mkonge, lakini wengi walikuwa hawajui kwamba Mlingano kuna chuo, achilia mbali kujua kwamba mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaweza kufikiria kuomba astashahada. Kila chuo kina vigezo vyake vya ziada, na vijana waliwafundisha watoto kuvisoma kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, badala ya kuuliza vijiweni.

Sasa niseme juu ya karatasi, maana huko ndiko nilikoona watoto wengi wakikwama. Katika madaftari yale, sehemu ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa tupu kurasa kwa kurasa. Cheti hicho kinatakiwa kila mahali. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005 na ambayo tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inakopesha pia baadhi ya stashahada za vipaumbele, inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Mtoto aliyefiwa na mzazi anatakiwa awe na cheti cha kifo. Kaya iliyomo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, itunze namba yake vizuri, kwa kuwa inamsaidia mtoto kuonyesha hali ya nyumbani wakati wa kuomba mkopo. Asiye na cheti cha kuzaliwa, nendeni mkakiombe ofisi ya Mkuu wa Wilaya, pale mjini, mkiwa na kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji. Msingoje matokeo.

Na majina yafanane, herufi kwa herufi. Miaka michache iliyopita binti yetu mmoja alifaulu vizuri sana. Cheti cha kuzaliwa kilisema Mwanahamisi, cheti cha kidato cha nne kikasema Mwanahamis. Alizunguka kutafuta hati ya kiapo mpaka dirisha la maombi likafungwa, akakaa nyumbani mwaka mzima akiuza maandazi kwa ajili ya herufi moja. Wazazi wa kidato cha pili na cha tatu, linganisheni majina wiki hii. Yakitofautiana, njooni mapema tuyashughulikie kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani.

Nayasema haya nikiwa na jeraha langu. Nilipomaliza kidato cha nne, barua yangu ya kuitwa masomoni ilikaa dukani kijijini wiki tatu chini ya rundo la magazeti. Nilipoipata, siku ya kuripoti ilikuwa imeshapita. Baba alikuwa tayari kuuza mbuzi anipeleke, lakini hatukujua pa kwenda kuuliza wala nani wa kumwuliza. Nilisubiri mwaka mmoja. Wakati wale vijana saba wanaondoka mwezi wa kumi kurudi vyuoni, nilikumbuka mwaka ule wote.

Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kuna miezi mingi katikati, na ndiyo inayotupotezea watoto. Msichana anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au anaposwa. Mvulana anapewa bodaboda ya mtu. Sikatazi mtoto kusaidia nyumbani, maisha ninayajua. Naomba tu awe mahali ambapo ukimpigia simu leo, kesho yuko hapa. Matokeo yakitoka ana nafasi ya kubadili machaguo yake mtandaoni, ile fomu wanayoiita selifomu, na nafasi hiyo haikai wazi muda mrefu. Kompyuta ya shule itakuwa wazi kwao bila malipo. Elimu ya kidato cha tano na sita haina ada tangu 2022, lakini godoro, ndoo, sare na nauli ni vyenu. Anzeni kuweka kidogo kidogo kwenye pesa ya machungwa.

Yeyote atakayewapigia simu akitaka pesa ili mtoto apate nafasi au mkopo, mkatieni. Kisha nipigieni mimi.

Jumamosi ya kwanza baada ya matokeo kutangazwa, mimi na mwalimu wa malezi tutakuwa shuleni kuanzia saa tatu asubuhi, na vijana wetu wameahidi kupokea simu za watoto wakiwa huko vyuoni. Njoo na mwanao, na daftari lake, na cheti cha kuzaliwa. Daftari liko nyumbani kwako tayari. Nimewaruhusu wote waondoke nalo. Mwombe akuonyeshe leo usiku, baada ya kula. Kama macho yako hayaoni vizuri, au kusoma ni taabu, mwambie akusomee njia zote tatu, na umwulize ile ya pili inataka nini kutoka kwako.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule