Yah: Maporomoko yaliyokatika pamoja na umeme, na mteja mliyemwacha pangoni

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kutembeza Wageni,
Shangani, Mjini Unguja.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mteja wenu wa Jumamosi iliyopita, yule mwanamke wa Pemba aliyekuwa peke yake. Najitambulisha hivyo kwa sababu ndivyo mlivyoniita siku nzima. Kijana wenu alinitaja "yule wa peke yake" kwenye simu mara tatu nami nimekaa nyuma yake garini, na usiku nilipopiga ofisini kulalamika, aliyepokea aliniuliza, "Aa, wewe ndiye yule wa peke yake?" Basi ndiye mimi.

Tangazo lenu lilisema safari ya siku moja, maporomoko ya maji na mabwawa ya asili ya kuogelea, "hata mtu mmoja tunampeleka". Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yaliyonitoa Chake Chake mpaka bandari ya Mkoani na kunipandisha boti. Nasomesha jiografia sekondari. Nilitaka kwenda kwanza mwenyewe nione kama ni mahali pa kuwapeleka wanafunzi, na mtu anayekwenda kukagua hahitaji kundi. Nikalipa shilingi 120,000 kwa simu. Siku mbili baadaye mkanitaka niongeze 40,000, kwa kuwa gari haiwezi kutoka na mtu mmoja kwa bei ile. Nikauliza ile "hata mtu mmoja" ilikuwa na maana gani basi. Sikujibiwa, na nikaongeza. Hapo ujinga ulikuwa wangu.

Nakiri na jingine. Mwalimu wa jiografia alipaswa kushtuka kwenye neno "maporomoko". Mahali pa juu kabisa Unguja ni Masingini, na hapafiki mita 150. Huko Makunduchi, kusini mashariki, mlikosema tunakwenda ni maweni matupu: mvua ikinyesha haingoji kuwa mto, inazama kwenye matundu ya mawe ya matumbawe na kwenda zake chini kwa chini. Ndiyo maana huko kuna mapango yenye maji na mito hakuna. Haya nawasomesha watoto wa Kidato cha Tatu. Lakini nikajiambia, labda wana kijito wanachokijua wenyewe, nami nisijifanye mjuaji wa Unguja kuliko Waunguja. Picha ya tangazo niliitazama juu juu. Niliporudi nyumbani na kuikuza nikaitambua: ni Materuni, kule Moshi, nilikowahi kufika nilipokuwa mafunzoni. Mmeuza maji ya Kilimanjaro kwa nauli ya Makunduchi.

Mliniambia niwe Darajani saa moja na nusu asubuhi. Saa moja na robo nilikuwepo. Gari ilifika saa mbili, kisha tukaenda kusimama nje ya hoteli moja Shangani, tukatoka hapo tukasimama nyingine Vuga, kijana wenu akiingia na kutoka kutafuta watu wa kujaza viti. Hakupata hata mmoja. Tuliondoka mjini saa nne kasorobo.

Huenda mkaona ni kuchelewa tu, kwa hivyo nieleze. Siku ile ilikuwa bamvua, mwezi mpevu ulikuwa juzi yake. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi, na baina ya kupwa na kujaa tofauti inakaribia mita nne. Madimbwi ya mwambani mliyoyaita "mabwawa ya asili" yanakuwepo maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, ni bahari tu. Nilimwambia kijana wenu haya tungali Vuga. Akanijibu, "Usijali dada, bahari ipo tu."

Ilikuwepo kweli. Tulifika Makunduchi saa sita na nusu, baada ya kusimama njiani mara mbili kwa shughuli zake. Wanawake waliokwenda kuvua pweza walikuwa washarudi, wamekaa kivulini na mitungo yao, na pale palipokuwa na madimbwi palikuwa na mawimbi. Mmoja wao aliniuliza kwa upole kama tumekosea siku. Sikuwa na la kumjibu. Kijana wenu alipiga picha ya bahari, akasema tutarudi wakati mwingine, tukapanda gari.

Maporomoko yalikuwa pamoja na chakula cha mchana. Naomba mwenye kampuni asome sehemu hii taratibu, kwa sababu sijui kama amewahi kuyaona. Ni ukuta wa mawe na saruji nyuma ya mkahawa, kimo chake kama mlango wa chumba. Bomba limefichwa nyuma ya chungu cha maua, na maji yanamwagika kwenye bwawa la vigae vya buluu. Nilidhani ni pambo la hapo, tunapita tu. Kijana wenu akanyoosha mkono, bila hata kucheka: "Maporomoko yetu haya." Nilikuwa bado natafuta la kusema umeme ukakatika. Mota ikakohoa mara mbili, maji yakawa membamba kama uzi, yakawa matone, kisha ukabaki ukuta. Mhudumu akakimbilia jenereta. Maporomoko yakarudi na harufu ya dizeli.

Chakula, kwa haki, kilikuwa kizuri. Pweza wa nazi aliiva vyema na sikupunjwa. Mkahawa ule hauna kosa lolote; wao hawakumwambia mtu kwamba ule ukuta ni mto.

Kama mambo yangeishia hapo ningecheka, ningewahadithia wenzangu chumba cha walimu na nisingeshika kalamu. Kilichonikalisha kuandika ni pango.

Tulifika saa nane na nusu. Pango lenyewe ni zuri, naliomba radhi kwa kulitia kwenye barua kama hii. Unashuka ngazi, joto linabaki juu, na chini kuna maji unayoweza kuhesabu mawe ndani yake. Mzee anayelilinda alitutaka tupige hodi kabla ya kushuka, kwani ni mahali pa wazee na wapo wanaofika na ubani na maombi yao. Kijana wenu alishuka na spika yake inaimba. Mzee akamtazama, akanitazama mimi, na mimi ndiye niliyeona haya.

Hapakuwa na kamba wala boya, na jaketi la kuokolea lililotajwa kwenye tangazo halikuwemo garini. Niliuliza. Nikaambiwa, "Wewe si mtu wa Pemba? Mnazaliwa mnajua kuogelea." Nikaingia na dera langu. Buibui, simu, pochi na nguo kavu nilikuwa nimeviacha garini, kwa sababu yeye mwenyewe alisema ni salama zaidi huko. Sijamaliza dakika kumi majini, akaniita kutoka juu ya ngazi: kuna wageni wawili wako Paje wanataka kurudishwa mjini, anawafuata, dakika ishirini tu. Kabla sijafika ukingoni nilisikia gari inaondoka.

Alirudi baada ya saa moja na dakika ishirini. Muda nimeuchukua kwenye saa ya yule mzee, kwa kuwa yangu ilikuwa kwenye simu na simu ilikuwa Paje.

Sijui kama wafanyakazi wenu wanaambiwa kwamba maji ya mapango yaliyo karibu na pwani hupanda na kushuka na bahari. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na bahari ikijaa huyasukuma yale ya juu. Jiwe nililokuwa nimelikalia mwanzo lilizama polepole nikilitazama. Sikuwa karibu na kufa maji, sitaki kutia chumvi. Ngazi zilikuwepo na naogelea vizuri. Lakini ningekuwa nimeteleza, au nimebanwa na msuli mguuni, angejua nani? Mzee alikuwa juu na hasikii vizuri. Na siku mtakayomwacha hapo mgeni asiyejua kuogelea, barua mtakayoipokea haitakuwa ya mteja.

Nilipanda juu nimeroa chapachapa, nikasimama kwenye njia ya watu na dera limenigandama mwilini. Kuna mama alikuwa amekaa mlangoni kwake anasuka ukili. Hakuniuliza natoka wapi wala niko na nani. Aliingia ndani, akatoka na kanga kavu, akanifunika, kisha akaniletea chai ya mkandaa... nasahau, chai ya mchaichai, nilikuwa natetemeka sikusikia vizuri alivyoitaja. Siku nzima ile, yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye hakuniona nusu ya hesabu.

Gari ilirudi na wageni wawili wamekaa viti vya mbele. Niliwekwa nyuma na mizigo yao. Nao walilipia safari hiyo hiyo niliyokwisha kulipia peke yangu, na nyongeza yake juu. Tuliingia mjini baada ya Magharibi.

Nilipopiga simu, ofisi yenu iliniambia, "Pole dada, hapa Zanzibar hakuna matata." Hayo mwambieni mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Mimi ni wa hapa, na hatuambiani hivyo sisi kwa sisi.

Sasa ninachotaka. Ile 40,000 ya mtu mmoja nirudishieni yote, kwa sababu gari haikuwa ya mtu mmoja. Katika 120,000 zilizobaki, kateni chakula, kiingilio cha pango na mafuta, na sitabishana nanyi kwa hesabu ya haki. Kwa hesabu yangu nastahili kurudishiwa si chini ya 60,000. Picha ya Materuni iondoeni. Neno maporomoko pia, au andikeni ukweli kwamba ni ukuta na una jenereta. Na yeyote mnayempa mteja wa kumpeleka majini, aangalie maji yanajaa saa ngapi na asimwache mtu ndani, awe mmoja au ishirini. Huyo kijana simwombei afukuzwe. Nahisi alitumwa kujaza viti, na aliyemtuma yuko ofisini.

Nawapa siku kumi na nne. Zikipita kimya, barua hii pamoja na risiti zangu mbili za malipo nitaipeleka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, ambayo ndiyo iliyowapa leseni.

Kanga ya yule mama nimeshaifua na kuipiga pasi. Mkiona vyema kutuma mtu akamwombe radhi yeye na mzee wa pango, itakuwa jambo jema, lakini kanga msiichukue. Nitairudisha mwenyewe, kwa daladala, peke yangu.

Wenu,
Mwalimu wa Jiografia,
Chake Chake, Pemba.